Yai Kabla ya Kitotoleshi: Siku za Kungoja Zinazoamua Idadi ya Vifaranga

Mada iliyotolewa na Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi mbele ya vikundi vya wafugaji wa kuku wa asili



Malalamiko yanayofikishwa ofisini kila msimu yanafanana. Kikundi hukusanya mayai, hujaza kitotoleshi, hulipia umeme wa siku 21, na siku ya kuangua hupata vifaranga wachache kuliko waliotarajiwa. Kikao cha dharura huitishwa. Lawama ya kwanza huielekea mashine na aliyeiuza. Ya pili huuendea umeme uliokatika. Ya tatu humwangukia jogoo ambaye, kwa kuwa hana wa kumtetea, huishia chunguni. Ni nadra kusikia mwanakikundi akiuliza mayai yale yalikuwa na umri gani yalipoingia mashineni, na yalikaa wapi kabla ya siku hiyo.

Mada hii imejifunga katika swali hilo. Chanjo, chakula na ujenzi wa mabanda ni mambo makubwa yanayostahili siku zake. Kinachozungumzwa hapa ni kipindi kati ya kutagwa kwa yai na kuwekwa kwake katika joto la kuatamiwa. Ni kipindi kisicho na mlio wala taa ya kuwaka, nacho hupita kwenye beseni chini ya kitanda au kwenye trei juu ya kabati. Ndiyo maana hakuna anayekitilia maanani.

Yai lililolala

Yai lenye mbegu halilingani na punje ya mtama inayoweza kungoja mvua ghalani miezi mingi bila kudhurika. Mbegu ya jogoo huungana na ya kuku mwanzoni kabisa mwa mrija wa uzazi, kabla ute na ganda havijaundwa. Kutoka hapo hadi kutagwa hupita takriban siku nzima, na muda wote huo yai limo ndani ya mwili wenye joto la karibu nyuzi 41 za Selsiasi. Kwa hiyo yai linapoangukia kiotani, kile kidoa cheupe kilicho juu ya kiini kimekwisha kugawanyika na kuwa makumi ya maelfu ya chembe hai. Safari ya siku 21 huhesabiwa tangu kuanza kuatamiwa, lakini kiinitete kilianza safari yake jana yake, tumboni mwa mama. Yai likipoa, ukuaji husimama na kiinitete hulala.

Kuku wa asili huutumia usingizi huo kwa ustadi. Hutaga yai moja, huondoka, hurudi kesho yake au kesho kutwa kutaga la pili, na kuendelea hivyo hadi yatimie 12 au 15. Ndipo hukaa. Yai la kwanza huwa limengoja wiki mbili na zaidi, ilhali la mwisho ni la jana, na hata hivyo huanguliwa karibu kwa pamoja kwa sababu yote huamshwa siku moja. Jambo jingine hufanyika bila mfugaji kuliona: kila kuku anaporudi kutaga, huyapasha joto kidogo yale yaliyotangulia na kuyageuza kwa kifua na miguu. Viwanda vikubwa vya vifaranga, baada ya miaka mingi ya kuhifadhi mayai katika vyumba baridi tu, vimeanza kuiga tabia hiyo kwa kuyapasha mayai yaliyokaa kwa saa chache kisha kuyapoza tena. Mfugaji mdogo asijaribu kuiga hilo bila vifaa, lakini inafaa ajue kwamba kuku aliye chini ya kihenge ni mtunza mayai hodari kuliko watu wengi wenye mashine.

Tofauti ni kwamba kiota cha chini ya kihenge kiko kivulini, juu ya udongo, mahali ambapo joto halipandi sana mchana. Beseni lililo ndani ya chumba cha bati halina bahati hiyo.

Joto la katikati ndilo baya

Mpaka kati ya kulala na kuamka kwa kiinitete hukadiriwa kuwa karibu nyuzi 20 hadi 21 za Selsiasi. Chini ya hapo hulala. Joto linalofaa kukikuza ipasavyo ni lile la kitotoleshi, yaani nyuzi 37.5 au juu yake kidogo. Hatari kubwa imo kati ya viwango hivyo viwili. Katika nyuzi 26, 28 au 32, kiinitete huamka nusu nusu. Chembe hugawanyika polepole na bila mpangilio, nguvu zake huisha, na baada ya siku kadhaa hufa kabla mashine haijawashwa. Hali huwa mbaya zaidi pale chumba kinapopata joto mchana na kupoa usiku, kwa maana kiinitete huamshwa na kulazwa kila siku.

Nyuzi 28 ni joto ambalo binadamu huliona la kawaida kabisa. Mtu huingia chumbani, haoni jasho, akaamini kwamba mayai yako salama. Katika wilaya za Kanda ya Kati, usiku wa Juni na Julai humsaidia mfugaji hata akiwa mzembe. Oktoba na Novemba hali hubadilika: mchana joto hupita nyuzi 30, na chini ya bati lisilo na dari hupanda zaidi. Mfugaji yuleyule, mwenye kuku walewale na mashine ileile, hushangaa kwa nini Julai aliangua vizuri na Novemba akaambulia viza.

Vipimo vinavyofaa kushikwa ni hivi. Mayai yatakayoingia mashineni ndani ya siku tatu yanaweza kukaa katika nyuzi 18 hadi 20. Yatakayokaa hadi wiki moja yahitaji nyuzi 15 hadi 18. Yale yatakayopita wiki, ikiwa hapana budi, yawekwe katika nyuzi 12 hadi 15. Unyevu wa hewa uwe asilimia 75 hadi 80, kwa kuwa hewa kavu hulinyonya yai maji kupitia vitundu vya ganda. Friji ya nyumbani haifai: huwa karibu nyuzi 4, baridi inayoua badala ya kulaza, na nyingi hukausha.

Swali linalofuata ni la haki: mwanakijiji asiye na chumba baridi atazipata wapi nyuzi 16? Jibu la kwanza limo katika nyumba za zamani. Nyumba ya tembe yenye kuta nene za udongo na paa la udongo hukaa na ubaridi mchana kuliko nyumba ya bati, na ghala lake la ndani ni chumba bora cha mayai kuliko ofisi nyingi za vikundi. Bibi aliyehifadhi mayai katika chungu kilichozikwa nusu kwenye sakafu ya ghala hilo hakusoma vipimo popote, lakini alikuwa karibu navyo. Ambapo nyumba hizo zimebomolewa, kona ya chini ya chumba cha upande wa kusini au mashariki, mbali na jiko na dirisha la jua la jioni, ndiyo ya kuanzia.

Jibu la pili ni mitungi miwili ya udongo, isiyopakwa rangi wala mafuta. Mkubwa hutiwa mchanga chini. Mdogo huwekwa ndani yake. Nafasi inayobaki kati yake hujazwa mchanga. Mchanga humwagiwa maji asubuhi na jioni. Na mdomo hufunikwa kwa gunia bichi lililokamuliwa. Maji yanapotoka kwa mvuke kupitia udongo hubeba joto na kuondoka nalo. Mtungi huo hutoa ubaridi na unyevu kwa pamoja, mambo mawili ambayo yai huyataka. Ndani, mayai yakae juu ya trei au nyasi kavu, yasiguse maji. Kikundi chenye mayai mengi kinaweza kujenga kabati la mkaa: fremu ya mbao yenye kuta mbili za wavu wa kuku, mkaa ukiwa umeshindiliwa kati ya nyavu hizo na kumwagiwa maji. Kanuni ni ileile. Kabati na mtungi hufanya kazi vizuri zaidi hewa ikiwa kavu, jambo ambalo Kanda ya Kati inalo kwa wingi nje ya masika. Mvua zikichanganya, ubaridi wake hupungua, na hapo dawa pekee ni kufupisha siku za kungoja. Kipimajoto kiwekwe ndani siku zote, kisomwe saa nane mchana, saa ya joto kali, na kisisomwe alfajiri tu ambapo kila chumba huonekana kizuri.

Ute, ganda na jasho

Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, kati ya 7,000 na 17,000. Kupitia humo hewa ya kabonidayoksaidi hutoka tangu siku ya kwanza, na ute ambao ulikuwa mzito huanza kulegea. Katika siku mbili tatu za mwanzo badiliko hilo halina madhara. Likiendelea kupita wiki, ute huwa mwepesi mno kukishikilia kiini katikati. Kiini huelea juu, na kiinitete kilicho juu yake hugusana na utando wa ganda na kunata. Hiyo ndiyo sababu ya kugeuza. Mayai yatakayokaa chini ya siku saba hayana haja ya kugeuzwa. Yakae ncha nyembamba ikiwa chini, chumba cha hewa juu. Yatakayopita hapo yageuzwe angalau mara moja kwa siku. Njia nyepesi ni kuweka tofali au kipande cha ubao chini ya upande mmoja wa trei leo, na chini ya upande wa pili kesho.

Vitundu hivyohivyo ndivyo mlango wa vimelea. Yai jipya hutoka na utando mwembamba unaoviziba kwa sehemu, na anayelisugua kwa maji huuondoa utando huo kwa mikono yake. Uchafu mdogo ulioganda ukwanguliwe kwa msasa laini au brashi kavu. Yai lililochafuka sana liende jikoni. Mayai yaliyotoka kwenye ubaridi yakipelekwa ghafla mahali pa joto na unyevu hutoka jasho, na jasho hilo hubeba vimelea hadi ndani. Kwa hiyo, kabla ya kuingia mashineni, trei zitolewe na kuachwa katika chumba cha kawaida kwa saa 6 hadi 12, nje ya upepo mkali na jua. Zikitoka jasho, ziachwe zikauke zenyewe, zisifutwe kwa kitambaa. Mafuta ya taa na dawa za wadudu visikae chumba kimoja na mayai.

Kuhusu usafirishaji yatosha kusema kwamba yai lililotoka kijijini kwa bodaboda, juu ya barabara za vumbi na mashimo, lipumzishwe karibu siku moja ncha nyembamba ikiwa chini kabla ya kupashwa joto, na kwamba safari ya asubuhi mapema ni bora kuliko ya mchana.

Hesabu ambayo vikundi havifanyi

Joto likitunzwa vizuri, mayai ya hadi siku saba hupoteza kidogo sana. Kuanzia hapo, kila siku inayoongezeka hupunguza idadi ya vifaranga kwa takriban asilimia moja mwanzoni, kisha upungufu huongezeka kasi. Mayai ya wiki tatu hutoa vifaranga wachache mno, na katika chumba chenye joto huenda yasitoe chochote. Aidha, yai lililokaa huchelewa: kila siku ya kuhifadhiwa huongeza takriban saa moja katika muda wa kuangua. Trei yenye mayai ya siku 2 na ya siku 14 haitaangua kwa pamoja. Vifaranga wa kwanza watakauka na kuanza kuhitaji maji wakati wengine bado wanadonoa ganda, na mfugaji anayefungua mlango kila mara ili kuwatoa wa kwanza huwakausha hao waliobaki ndani ya maganda.

Hapa ndipo tatizo kubwa la vikundi lilipo. Chukuliwe mfano wa kikundi chenye wanachama 12, kila mmoja akiwa na mitetea 8. Jumla ni 96. Kuku wa asili anayetaga, kuatamia na kulea mwenyewe hutoa mayai yapatayo 50 kwa mwaka, wakati mwingine pungufu. Hayo ni mayai 4,800 kwa mwaka, au 13 kwa siku. Kikundi hicho kikinunua kitotoleshi cha mayai 500 na kuamua kingoje kijae, kitangoja siku 38. Hata mayai yote yakipona panya, watoto na wageni wa ghafla, yai la kwanza litaingia mashineni likiwa na zaidi ya wiki tano. Zaidi ya nusu ya trei hizo zitakuwa zimepita wiki mbili. Umeme utalipwa wote, siku 21 zitakwisha zote, na mashine itahukumiwa.

Vikundi vingi hupata mtaji wa mashine hizo kutokana na mikopo isiyo na riba inayotoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo usio na riba hurejeshwa, na hurejeshwa kwa vifaranga walioanguliwa. Inasikitisha kuona akina mama waliokaa vikao vya miezi wakirudi kuchangishana fedha za marejesho mifukoni mwao kwa sababu mashine waliyoshauriwa ilikuwa kubwa mara tano kuliko mayai waliyonayo. Mashine kubwa huonekana ya maendeleo zaidi katika picha ya makabidhiano, lakini picha hiyo hailipi deni.

Kikundi cha mfano, chenye mayai 13 kwa siku, hukusanya 91 kwa wiki. Kinazo njia kadhaa, na kila moja ni bora kuliko kungoja. Kinaweza kuchukua kitotoleshi cha mayai 100 na kutumia mayai ya siku saba za mwisho tu kila inapofika zamu ya kupakia. Yale ya wiki mbili za kwanza yauzwe kwa kuliwa yakiwa bado mazuri, na fedha hiyo ilipie umeme. Kinaweza pia kuwa na mashine ya mayai 300 na kupakia kila wiki, mradi kiwe na kisanduku kidogo cha kuangulia, kwa sababu katika siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi na huhitaji unyevu mkubwa kuliko yaliyo nyuma yake. Siku ya 18 ndiyo ya kuyahamisha. Vilevile kikundi kinaweza kununua mayai kwa majirani wenye jogoo, lakini kwa sharti moja lisilolegezwa: kila yai liwe limeandikwa tarehe ya kutagwa. Penseli itumike, si kalamu ya wino.

Njia ya nne haihitaji umeme. Koo mmoja wa kuku wa asili hufunika mayai 10 hadi 13. Makoo 7 wakilazwa usiku mmoja humaliza mayai 91 ya wiki. Anayetaka kuatamia mapema hukalishwa juu ya mayai mawili yasiyo na mbegu hadi wenzake wawe tayari. Kisha usiku, kwa utulivu, mayai hayo huondolewa na kila mmoja hupewa ya wiki hiyo. Vifaranga huanguliwa karibu siku moja, hupewa chanjo siku moja, na huuzwa wakiwa wa umri mmoja. Kwa kijiji kisicho na umeme wa uhakika, njia hii isionekane ya kizamani.

Jogoo aliyesingiziwa

Limebaki suala la jogoo. Siku ya saba mayai humulikwa gizani kwa tochi. Yai lenye uhai huonesha mishipa iliyotawanyika kama buibui. Lenye pete ya damu lina kiinitete kilichofia mashineni katika siku za mwanzo. Lililo wazi kabisa, lisilo na mshipa, huitwa na wengi "yai lisilo na mbegu", na hukumu ya jogoo hutolewa papo hapo. Hukumu hiyo huenda ikawa ya uongo. Kiinitete kilichofia kwenye beseni, kabla ya mashine, nacho huliacha yai wazi, na mwanga wa tochi hauwezi kuyatofautisha.

Ushahidi hupatikana mahali pengine. Mayai matatu au manne mapya, ya siku hiyo, yavunjwe taratibu kwenye sahani nyeupe. Juu ya kiini, yai lenye mbegu huonesha duara la milimita 3 au 4 lenye ukingo mweupe na katikati iliyopauka, mfano wa pete. Lisilo na mbegu huonesha kidoa kidogo cheupe kilichojaa, kisicho na umbo kamili. Mayai mapya yakiwa na pete, na yaliyomulikwa mashineni yakiwa wazi kwa wingi, jogoo hana kosa. Chumba cha kuhifadhia kichunguzwe. Gharama ya uchunguzi huo ni mayai manne, ambayo jioni yatakaangwa.

Kwa kikundi kinachokusudia kuomba mkopo wa kitotoleshi, itafaa kabla ya kuandika andiko la mradi kihesabu mayai yake kwa siku 14 mfululizo, nyumba kwa nyumba, na kuyaandika katika daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mwanachama, idadi ya mayai na joto la mahali yalipowekwa saa nane mchana. Daftari hilo lipelekwe kwa Afisa Ugani wa kata pamoja na andiko. Ukubwa wa mashine usomwe humo.